Chungu cha Sauti

Tarehe 4 Mei

Shangazi yangu mpenzi,

Na jingine nililosahau kukuandikia katika barua ya juzi ni kwamba mume wangu huwa anaimba akichanganya rangi. Shikamoo, shangazi. U mzima? Goti linasemaje? Sisi ni wazima, tena wazima wa kupitiliza. Akirudi jioni kutoka kuchora mabango ya maduka, ana madoa hadi masikioni. Namfuta kwa mafuta ya taa huku nacheka kama mwendawazimu. Kumbe ndoa ina raha hivi, na wewe ulinyamaza tu ukaniacha niwaringie wachumba miaka yote ile.

Sasa nikupe ya shuleni. Watoto wangu wa chekechea nawasomea hadithi niliyoitunga mwenyewe, ya Malkia wa Mlima aliyenyang'anywa sauti na upepo. Kila siku ukurasa mmoja, kisha tunachora. Mume wangu alikuja akatuchorea mlima ukuta mzima, watoto wakaujaza ndege. Tukafinyanga chungu, tukakipaka rangi, na kila mtoto akanong'ona neno moja humo ndani ili Malkia apone. Ila mimi, kwa jinsi moyo wangu ulivyojaa siku hizi, nikaongeza kipande ambacho hakikuwepo: kwamba mtoto mmoja alipenda sana hata akatoa sauti yake yote, na kwa ajili hiyo mgonjwa wa nyumbani kwake naye akapona. Machozi yalinilengalenga nikikisoma.

Kuna binti mmoja tunamwita Redio, maana hazimiki. Zamu yake ilipofika aliinamia chungu mpaka wenzake wakalalamika kwamba anakimaliza peke yake. Tulicheka. Tangu siku ile hajasema neno, si darasani si nyumbani. Leo bibi yake amenieleza getini: mama wa mtoto, fundi cherehani, alipatwa na kiharusi hata kabla sijaanza hadithi, na sasa yuko kitandani, hawezi kutamka kitu. Sikujua, shangazi. Nifanye nini?

Mwanao


Tarehe 11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Goti linanitukana kila nikipanda ngazi, mengine ni salama. Katika kurasa zako nne, mbili ni za mkwe wangu, nami sijakasirika. Msalimie sana, ila mafuta ya taa yatamchubua. Mpake ya kupikia, kisha sabuni.

Kuhusu mtoto, usijitese. Kazi yangu yote nimeifanya na wadogo kama hao. Usimwambie kwamba hadithi si ya kweli, maana mwongo utakuwa wewe. Hadithi ni mali yako, iendeleze. Malkia amepona, anashukuru, anamrudishia kila mtu sauti yake. Fungua chungu, kila mtoto aweke sikio achukue iliyo yake. Redio awe wa mwisho, asione haya mbele ya wenzake. Atafungua mdomo tu. Nimeona wengi.

Shangazi yako


Tarehe 24 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua makali. Mume wangu anakuamkia. Siku hizi ananukia kama andazi, nami ndiyo kwanza nazidi kumpenda. Naona aibu kukuandikia hivyo na haya yanayofuata katika karatasi moja.

Nilifanya kama ulivyosema. Tulivaa mataji ya maboksi, tukapiga ngoma kwa makopo ya rangi. Kila mtoto aliweka sikio, akarudi mahali pake akipiga kelele. Redio alikuja wa mwisho. Alichungulia ndani, akanitazama, akachukua mfuniko akakifunika chungu kwa mikono miwili. Halafu akaenda zake kuchora.

Jumamosi tulikwenda kwao, mimi na mume wangu. Ni chumba kimoja, cherehani imefunikwa shuka, mama ameegemezwa mito. Nilipiga magoti mbele ya mtoto nikamwambia lile ulilonikataza: hadithi nimeitunga mimi, kipande kile nilikiongeza mimi, na mama haponi kwa wewe kunyamaza. Mama alisikia yote. Alijisukuma kutoka kwenye mito, akajaribu kumwambia mwanawe aseme. Ilitoka sauti moja tu, nzito, pamoja na mate. Ndiyo ya kwanza tangu augue.

Ungemwona mtoto, shangazi. Aliruka kwa furaha, akanivuta mkono akinionyesha mama yake, kisha akaubana mdomo kwa vidole kuliko mwanzo. Kila mama alivyozidi kumsihi, ndivyo naye alivyozidi kunyamaza. Mama akalia. Mume wangu alitoka nje.

Daktari amewaambia wasitegemee maneno kurudi. Bibi alinisindikiza hadi mlangoni. "Mwalimu, hadithi ni yako," akasema. "Uje uitoe humu ndani."

Nijibu upesi, tafadhali.

Mwanao


Tarehe 9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Msalimie mkwe wangu. Najua umeingoja barua hii, lakini kila nilichoandika nilikichana. Niliandika umwambie mtoto ukweli, na kumbe umeshamwambia. Niliandika mama ajizuie asijaribu kusema, nikaona haya, kwani nani atamkataza mzazi kumsihi mwanawe? Niliandika mngoje, atachoka. Lakini umenieleza alivyoruka. Mtoto aliyekwisha kuona kazi yake inazaa hachoki.

Nilikuambia nimeona wengi. Huyu sijamwona. Sina jibu, mwanangu, na naona vigumu kukuandikia hivyo, wewe uliyekuwa ukinikimbilia kwa kila kitu, hata kamba ya kiatu.

Endelea kwenda kwao. Usisome chochote. Msaidie bibi kumgeuza mgonjwa, kamua nguo, kaa. Na ukirudi kwa mumeo ukacheka, cheka.

Mwambie mkwe wangu aondoe makopo yake kwenye kile chumba cha nyuma, anitandikie. Sina dawa ya kuwaletea. Nitakwenda kuketi kando ya yule mtoto, nami ninyamaze, asiifanye kazi ile peke yake. Mwezi huu hautaisha kabla sijafika.

Shangazi yako