Aliyeacha Kutafuna

Mutuma mjukuu wangu, mume wangu mdogo unayebeba jina la babu yako,

Huku Laare tuko wazima. Mvua imefika, na mguu wa mama yako umepona.

Umeniuliza nilimjuaje muuaji mapema katika ile filamu ya wazungu tuliyotazama Krismasi. Nitakuambia, lakini usimsomee mtu barua hii.

Nikiwa msichana, kijiji kizima tulionyeshwa filamu kama hiyo alasiri moja shuleni, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Tajiri mmoja alikuwa ameuawa. Sote tulimshuku mtunza bustani, kwa sababu alikaa matangani bila kugusa chai. "Ni huyo!" baba mdogo alipiga kelele kando yangu, akitafuna miraa.

Wiki hiyo mtu alikuwa amekata miti ya miraa ya baba yangu hadi mashina. Baba mdogo alilia kutushinda sote, kisha akatuongoza kumfukuza Njeru, kibarua wetu kutoka Kanja, eti ananyamaza sana.

Basi muuaji wa filamu akawa ndugu wa marehemu, yule aliyelia sana na kumzungusha askari kila chumba. Watu walicheka. Mimi nilisikia baba mdogo ameacha kutafuna. Nilipomgeukia, alininyooshea kitita chake chote cha miraa, mimi msichana, na kwetu wasichana hawapewi.

Sikukichukua. Sikusema pia, maana sikuwa na ushahidi. Njeru hakurudi tena.

Baba mdogo unamjua. Ndiye yule mzee anayetuombea chakula kila Krismasi, machozi yakimtoka.

Nyanya yako,
Karimi