Kiti Kinachokula Umeme

Baba Watoto,

Wali umo kwenye sufuria, upashe kwa mkaa. Jiko la umeme usiliguse! Watoto wasifungue friji ovyo.

Nimekwenda ofisi ya umeme mwenyewe. Ulipotoka tu asubuhi, fundi wao alikuja kutukatia kwa sababu ya deni. Akamuuliza jirani, "Mwenye nyumba yuko wapi?" na mimi nipo hapo hapo mlangoni! Nikaendesha kiti changu cha magurudumu mpaka chini ya mita, nikazima mota. "Mwenye nyumba ndiye huyu. Haya, nibebe uniondoe." Akajikuna kichwa weee, mwisho akatupa muda hadi jioni.

Nitaomba tulipe kidogo kidogo. Nitawaambia pia kwamba kiti hiki ni miguu yangu, si anasa. Na wewe uliyesema jana mbele ya watoto kwamba kiti ndicho kinachokula umeme, lisikie hilo. Miguu yako inakula viatu, nimewahi kukusema?

Maneno yako hayo ndiyo yaliyonifanya nisichaji usiku. Betri inaweza kuniishia njiani. ~~Usijisumbue, wapita njia watanisukuma.~~ Njoo unifuate.

Mama Watoto