Mashine ya Kabula Imefunikwa na Kazi Inaendelea

Segese, kwa Kabula
Jumapili, baada ya ibada

Mume wangu Baba Kabula,

Mwangaluka, wewe na wote wa nyumbani Samuye. Nakuandikia nikiwa mzima, mtoto wetu mzima, na mjukuu wako mzima kupita sisi sote, maana ananyonya kama ndama na akilia majirani wa upande wa pili wanajua. Kichogo chake ni chako, hakuna ubishi. Vipi wewe? Kile kifua kimetulia? Na yule ng'ombe mweusi, mguu umepona au bado anachechemea? Mvua huku zimeanza. Kama na huko zimeanza, usipande pamba peke yako kwa ubishi, waite vijana wakusaidie.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa kondakta wa basi. Nimeisoma mwenyewe, na darasa langu la nne, neno kwa neno. Umeuliza kwa ukali kidogo: "Nilikutuma umlee mzazi kisha urudi naye nyumbani, mbona kimya?" Ni kweli tulikubaliana hivyo. Mkwe wetu yuko safarini na lori lake mwezi mzima, na wewe ulisema mwanamke mwenye mtoto mchanga hawezi kazi ya ofisi, arudi kwao apumzike, kazi wapewe wengine. Na mimi nilikuja na nia hiyo hiyo, hata mkeka wake nilikuwa nimeshaukunja. Sasa tulia nikueleze kilichotokea. Na kama ni mwalimu anakusomea, mwambie asiruke hata mstari.

Kazi ya Kabula unaijua kwa jina tu. Mimi nimeiona kwa macho. Ile kampuni yao ya kutafuta dhahabu inatoboa ardhi, inatoa mawe kutoka chini sana, mawe yanapimwa, kisha hesabu zake analetewa mwanao. Yeye anazilisha kwenye kompyuta ndogo ya kukunja, wenyewe wanaiita laptopu. Ikifungwa ni kama Biblia kubwa nyeusi. Ikifunguliwa, upande mmoja una vitufe, upande mwingine ni kioo kinachowaka. Inakula umeme wa betri ya gari. Akishazilisha hesabu zote, anaiamuru ichore mwamba jinsi ulivyolala huko chini, na mashine inaanza kufikiri. Inafikiri, Baba Kabula! Kutwa nzima, hata zaidi, wala haitaki kusumbuliwa. Bi Zarina, yule mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa hapa jirani, alikuja kumwona mtoto akaikuta mezani inawaka peke yake. Akaniambia, "Mama Kabula, bintiyo amenunua televisheni isiyo na watu." Nikamjibu, "Watu wamo, Bi Zarina, ila wako chini ya ardhi wanachimba." Alicheka mpaka mtoto akaamka.

Sasa mkuu wao wa kazi kule Geita alikuwa amemwachia mashine nyumbani kwa masharti. Gari lingekuja Ijumaa. Likikuta mchoro umekamilika, sawa. Likikuta bado, mashine inaondoka, na kazi anapewa kijana mmoja wa Mwanza ambaye hana mtoto wa kunyonyesha. Kabula aliniambia hayo huku anacheka, lakini mimi ndiye niliyemzaa, kicheko chake nakijua.

Alhamisi mchana mashine ilikuwa imeshaanza kuchora. Kabula yuko uani anamwogesha mtoto. Mara mawingu yakaja kutoka upande wa ziwa, meusi kama masizi, na radi ikapiga moja ya kupasua masikio. Wewe wajua nyumba yangu haichezi na radi. Nikageuza kioo cha ukutani, nikafunika sufuria zote zinazong'aa, nikatoa ndoo ya bati mlangoni. Nikatazama mezani, nikaona kile kioo kingine, kikubwa kuliko vyote, tena kinawaka chenyewe! Ningekiacha kimulikiane na radi, na mjukuu wako yumo humu ndani? Nikakifunga, paa, nikakitandikia kanga yangu juu, nikakaa kando yake nikimshukuru Mungu.

Kabula akaingia na mtoto amemfunga taulo. Akaitazama meza. Akasimama.

"Mama. Nani ameifunga?"

"Mimi. Husikii radi?"

"Mama, ikifungwa inalala. Ikilala, kazi yote inakatika."

"Basi iamshe."

Akaifungua. Ikaamka, kweli, lakini mchoro ulikuwa umepotea, ikabidi aanze tena tangu mwanzo. Hesabu alikuwa nazo, ila muda ndio uliokwenda. Nilimwona anavyohesabu kimya kwa midomo, na nikajua kabla ya gari kufika haitamaliza. Nikasema, "Ng'wanone, mwanangu, radi haiulizi kisomo. Pale Samuye ilipiga kisima, si maji yake yalikuwa yametulia tu yanang'aa?" Wala sikuomba msamaha, na leo ingepiga vile ningefunika tena.

Sasa sikiliza alichonijibu mwanao. Mwingine na shule zake zote angenifokea. Angeniambia mama hizo ni imani za kizamani, usiguse vitu vya watu. Kabula alinipa mtoto, akavuta kigoda, akasema taratibu, "Siwezi kukukataza kufunika, Mama. Umefunika tangu sijazaliwa. Acha basi niifundishe hii ifanye kazi ikiwa imefunikwa."

Baba Kabula, nikampakata mtoto, nikasogea karibu nione.

Akaanza kutafuta humo ndani ya mashine, anafungua ukurasa huu, anafunga ule, kumbe kuna mahali imeandikwa kabisa: kifuniko kikishuka, lala. Akapafuta, akaandika: kifuniko kikishuka, usifanye lolote, endelea na kazi yako. Akaanzisha mchoro upya, akakishusha kifuniko polepole. Ile taa ndogo ya kijani pembeni haikuzima. Akanishika mkono akauweka juu. Ilikuwa na joto, na ndani inanguruma kidogo kama paka aliyeshiba.

"Imelala?" nikauliza.

"Haijalala. Iko kama kuku anayeatamia. Ukimwona utasema amesinzia."

Mfano huo nilimfundisha mimi, kule bandani kwetu, alipokuwa mdogo akitaka kuwafukuza kuku juu ya mayai. Nikataka kurudisha kanga yangu juu, akanizuia kwa adabu, "Kanga hapana, Mama. Inapumulia hapa ubavuni, itachemka." Nikakubali. Kioo kimefichwa, radi haikioni, mimi sina neno zaidi. Mvua ikanyesha, na mimi na yeye na mtoto tukala michembe ya viazi na karanga, na mashine imejifunika inachapa kazi.

Ijumaa gari likaja asubuhi. Dereva, kijana wa Kinzinza anaitwa Lukas, akapiga hodi, akaamkia vizuri, "Shikamoo mama. Nimetumwa mashine." Kabula akamwambia, "Haijamaliza. Lakini twende nayo, inaendelea." Akachomeka waya wake kwenye gari, pale wanapowashia sigara, akasema yeye atampakata mtoto, mimi nipakate mashine. Nani mwingine angeaminiwa? Nikakaa mbele kwa dereva kama mke wa mkuu wa wilaya, kompyuta magotini, kifuniko chini, mkono wangu juu, ubavu wake nikauachia wazi ipumue.

Barabara ya Geita baada ya mvua unaijua. Kila shimo nilikuwa nainyanyua kwa mikono miwili. Lukas akaanza utani, "Mama, umebeba mayai?"

"Wewe angalia njia. Nimebeba mwamba mzima wa kampuni yenu. Ukinitupa shimoni, utauokota mwenyewe kokoto moja moja."

Akapunguza mwendo, namshukuru. Kabula alikuwa nyuma na mtoto. Kila mara ananiuliza, "Mama, taa?" Nami namjibu, "Ya kijani, ng'wanone." Kuna mahali mngurumo ulitulia, sikumwambia. Nikatazama taa, iko palepale. Nikaendelea kushikilia.

Tulipofika, mkuu wao alikuwa amesimama mlangoni na yule kijana wa Mwanza tayari yuko naye, na kalamu mfukoni. Mkuu akaona mashine imefungwa magotini mwangu, akatikisa kichwa, akamwambia Kabula, "Naona mmeshaizima. Pole. Ulijitahidi." Kabula hakubishana. Akasema tu, "Naomba uifungue, mzee."

Akaifungua. Ile kazi ilikuwa imeisha! Mwamba wote umelala pale kwenye kioo, mistari myekundu na ya kijani, unashuka ubavuni kama mteremko wa kwetu kuelekea mtoni. Mkuu akavaa miwani. Akamwita mwingine, naye akamwita mwingine. Hata yule kijana wa Mwanza aliinama akatazama, akasema, "Dada, hii umeifanyia wapi?" na alisema kwa heshima, sitamsingizia.

Mkuu akauliza, "Imefanyaje kazi ikiwa imefungwa?"

Kabula akasema, "Mama yangu anaogopa radi, mzee. Ikabidi."

Wakacheka ofisi nzima, na mimi nikacheka nao kidevu kikiwa juu, maana nilijua wanachekea nini na nani amewashinda. Kisha mkuu akampokea mtoto, akamshika vibaya kama wanaume wote, akasema mashine irudi Segese, Kabula afanyie kazi nyumbani mpaka mtoto aanze kula ugali.

Kwa hiyo, mume wangu, sirudi naye. Nakuandikia kwa upole lakini ndivyo ilivyo. Ng'ombe uliowauza akasome, watu wakakucheka kilabuni, wamezaa mwamba huo, nimeubeba kwa magoti yangu. Nitakaa hapa nimpokee mtoto anapofanya kazi. Wewe njoo baada ya kupalilia, uone mwenyewe. Njoo na michembe.

Mpe shikamoo mama mkwe wangu, mwambie mjukuu wetu amepewa jina lake. Msalimie shemeji yangu mkubwa na mkewe. Asante, wabeja, kwa jirani yetu mwenye mbuzi, anayekutazamia nyumba. Na yule binamu yako aliyesema elimu ya mwanamke inaishia akizaa, msalimie mara mbili.

Sasa hivi kunanguruma tena huku. Mtoto amelala. Nimekwisha geuza kioo cha ukutani na kufunika sufuria. Mashine iko mezani mbele yangu, kifuniko chini, taa ya kijani inawaka. Hiyo sijaigusa.

Mkeo asiyekusahau,
Mama Kabula