Habari za Hamisi Ulizozisoma Kimya Kimya

Baba, shikamoo.

Najua hutaitika, lakini ulinifundisha kwamba mtoto haanzi kusema na mzazi kabla ya kumwamkia, na kufa kwako hakujabadili hilo.

Hitima yako tumeisoma salama. Mama hajambo, ingawa bado anakupakulia chakula kisha anakirudisha sufuriani. Mizabibu ya Hombolo ameichukua Baba Mdogo, na ameshaanza kulalamikia maji kana kwamba alilazimishwa. Mimi bado nipo pale pale kwenye kafe ya intaneti. Kompyuta yako ya pembeni, karibu na feni, siku hizi anaikalia mwanafunzi mmoja wa chuo anayekula karanga juu ya kibodi. Ungemfukuza.

Ule ukurasa wako wa kukusanya habari bado upo. Nakumbuka nilivyokueleza siku ya kwanza: unaandikisha tovuti unazozipenda, kisha kila moja ikitoa jambo jipya, linajileta lenyewe kwenye ukurasa wako, huna haja ya kuzizungukia. Ulifurahi. Ukasema zamani redio ilikuwa moja na ilisema inachotaka, sasa unachagua wewe. Ila hukuchagua, Baba. Ulizoa. Siasa, mpira, bei za mazao, hadi mapishi ya mama mmoja wa Tanga. Na kichwa cha habari kikiwa bado kimekolea weusi, maana yake hakijasomwa, huondoki. Nilikuambia wenzako huruka wasiyoyataka. Ukanijibu, "Mtu amekupigia hodi, unakaa kimya?" Ukasoma na namna ya kukaanga bamia, huku wateja wamepanga foleni wakinikodolea macho. Siku hizo nilikuwa nakasirika. Sasa nacheka peke yangu, halafu naona aibu kwa wateja.

Lakini ninakuandikia kwa ajili ya kaka Hamisi.

Kaka alioa huko ughaibuni bila kutuma mshenga na bila kukuarifu. Picha ya harusi ikaja kwa posta, ndoa imeshapita. Ukaitia kabatini, ukasema aliyeoa bila wazee asiwatafute wazee. Tangu hapo akipiga simu unampa Mama. Nyinyi wawili ni wabishi wa chungu kimoja, na nalisema sasa kwa kuwa huwezi kunikemea.

Nilipokudokeza kwamba Hamisi ana tovuti yake, anaandika maisha yake ya huko kwa Kiswahili, habari za basi analoendesha, theluji, ugali wa unga usioeleweka, ulijitia kusoma bei za mazao. Kesho yake ukaniuliza, macho yako yakiwa kwenye kioo cha kompyuta, "Nikisoma, yeye ataona?" Nikasema haoni. "Basi niandikishie. Na wewe usimwambie." Nikakuahidi.

Hukuikosa hata moja. Ulizisoma za Hamisi mwisho, baada ya nyingine zote, taratibu, midomo ikichezacheza. Siku aliyoandika kwamba amepata mtoto wa kiume na amempa jina la babu yake, Sefu, jina lako, ulivua miwani ukaifuta kwa kanzu, ukasoma tena. Kisha ukaenda kijiweni ukawanywesha wazee wote kahawa. Walipouliza kuna nini, ukasema, "Kwani mpaka kuwe na nini?" Nilikusihi umpigie simu. Ukasema utapiga. Naamini ungepiga kweli. Presha haikukungoja.

Hamisi hakuwahi mazishi. Juzi alipiga, akalia mpaka nikaogopa. Akasema, "Baba amekufa hajui kama ana mjukuu wa jina lake."

Nilikaa na ile simu sikioni, nikiikumbuka ahadi niliyokupa. Mama alikuwa mbele yangu anachambua mchele, hajui lolote. Nikawaza: wewe umeshapumzika, yeye atalala na maneno hayo mpaka lini?

Nikamwambia, Baba. Nilimwambia yote, tangu siku uliyoniuliza kama ataona. Akauliza jambo moja tu: "Alisoma ile ya mtoto?" Nikamwambia uliisoma mara mbili. Mama akaacha mchele, akanitazama, na ikabidi nianze upya kumweleza na yeye. Akalia, kisha akakutukana kidogo, kwa mapenzi.

Sikuombi radhi. Nakuheshimu, nakukumbuka kila asubuhi, lakini siri ile ulikuwa umekosea kuniachia. Mwanao alikuwa anajiona ametupwa, kumbe ulikuwa unamfuata hatua kwa hatua. Ungemwambia mwenyewe ingekuwa bora zaidi. Hukumwambia. Nimemwambia mimi.

Mvua zikiisha wanakuja, yeye, mkewe na mtoto. Lala kwa amani, Baba, Mwenyezi Mungu akuangazie kaburi lako. Na hii ndiyo ahadi yangu nyingine, ambayo sitaivunja: nitakwenda mwenyewe stendi kuwapokea, nitamchukua mtoto mikononi, na kwa kuwa ana jina lako, sitamwita Sefu hata siku moja. Nitamwita Baba, mbele ya watu wote, na Hamisi awepo asikie.

Binti yako,
Zaituni