Lwimbo ya Mama Niliuza

Kashikishi, 4 Februari 2024

Kwako Pierrette, mutoto wa dada yangu,

Jambo sana. Munaamuka je kule Kigoma? Bwana eko nguvu? Batoto banakula? Mimi niko muzima, magonjwa yenyewe inaniogopa. Naandika ku karatasi juu simu yangu ilianguka mu ziwa, samaki akaimeza. Ukipiga, njo yeye atakujibu. Sikusoma, donc uisome vile mudomo yangu inasema.

Mudogo yako Plamedie alikuja kuimba hapa. Mutoto tulivuka naye na mama yenu mu bwato tukikimbia vita, tukalala mu kambi ya bakimbizi ya Kenani chini ya bâche ya plastiki, leo batu banaacha samaki ku jua juu ya kumuona! Kuimba, mimi njo nilimufundisha. Uliza mutu yote, isipokuwa Rosaria.

Ule Rosaria wa chisense, bale samaki badogo ba kukausha, anasema: "Plamedie amejiuzisha. Zamani aliimba mateso yetu, leo anaimba sabuni ku televizyo." Nikamujibu: "Daudi aliimbia Sauli ku palais, akakula nyama ya mufalme. Enda umuambie arudie kondoo! Na wewe mama, na hii harufu ya samaki, ile sabuni inakuhusu." Soko yote ilicheka.

Mwezi wa munane Plamedie anataka tuweke musalaba mupya ku kaburi ya mama yenu Berthe. Anaomba ukuje.

Tonton yako,
Gustave


Kigoma, 2 Machi 2024

Mjomba, shikamoo.

Sisi hatujambo, watoto wanakua. Barua yako ilinifikia kwa Mwansa, dereva wa lori la chisense.

Sabuni siijali, kila mtu ana tumbo. Kuna jambo jingine. Nimesikia mahojiano ya Plamedie redioni, anasema kwa mdomo wake: "Ile lwimbo ya mama, niliuza." Wimbo ambao mama aliwaimbia mkivuka ziwa! Nikampigia simu, akapokea msimamizi wake, akasema Plamedie yuko kazini. Kila siku yuko kazini.

Mimi nililetwa huku na shangazi nikiwa mdogo. Mama sikumzika. Sauti yake katika wimbo ule, uliorekodiwa kambini, ndiyo niliyobaki nayo. Niambie bila hadithi zako: aliuza au hakuuza? Kama aliuza, sina mdogo tena, na msalaba muuweke wenyewe.

Mwanao,
Pierrette


Kashikishi, 25 Machi 2024

Pierrette mutoto yangu,

Jambo. Mwili iko je? Mimi, hata dawa nayo inanisalimia mbali.

Aliuza! Kweli ya Mungu, aliuza, na mimi nilikuwa pale pale. Nilicheza mpaka suruali ikapasuka. Mimi njo nilikuwa namusukuma: "Uza, mutoto, usiogope, uza!" Mama yenu angeona ile siku, angepiga vigelegele. Juu ya nini unauliza kama polisi?

Na ile furaha yote, Plamedie akaniuzia motere ya bwato, zawadi. Sasa mamba ikinisikia inatoka mu njia.

Tonton,
Gustave


Kigoma, 20 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo, kwa ajili ya mvi zako tu. Afya yako siiulizi, naona umenenepa.

Nilikuwa najiuliza kwa nini unamtetea mno, mpaka unamvuta Daudi wa watu sokoni. Sasa nimeelewa. Sauti ya dada yako imegeuka mota ya boti, nawe unacheza. Nani mwingine kala? Padri naye kapewa kitu?

Msinitafute.

Pierrette


Kashikishi, 9 Juni 2024

Pierrette mama,

Jambo, hata kama haunijibu. Barua mbili nilituma, Mwansa anarudi mikono mitupu.

Jana ku soko kulifika Mutanzania moja na mafungu ya nyavu. Anapiga kelele: "Nauza nyavu! Nauza nyavu!" Nikamuambia: "Ndugu, hapa haiko. Enda uuze Nchelenge."

"Kwani hapa siruhusiwi kuuza?"

"Unaruhusiwa, lakini hakuna mwenye kuuzisha!"

"Mzee, umelewa?"

"Wewe njo umelewa! Uko na nyavu mingi hivi ku mabega, unataka kuuza ingine ya nini?"

Tulikamatana mashati. Rosaria akashika tumbo na kicheko: "Gustave! Ku Batanzania, kuuza njo kuuzisha!"

Nilikaa chini, juu ya samaki ya batu.

Pierrette, neno moja ilitukula. Kwetu, ukiuza, unatoa pesa, kintu inabaki na wewe. Kutoa kintu, ile ni kuuzisha. Hata Babemba ba hapa: kushita ni kutoa pesa, kushitisha ni kutoa kintu. Kule Kenani mutu wa studio alikamata sauti ya mama yenu mu mashine, akaandika jina yake mwenyewe juu. Plamedie akitaka kuiimba, anamukataza. Njo akaimba sabuni, apate pesa ya kuuza lwimbo. Akaiuza! Ikarudi kwetu.

Mara hii sidanganyi. Hata simu, haikukulwa na samaki. Niliiangusha mu choo.

Tonton yako,
Gustave


Kigoma, 1 Julai 2024

Tonton,

Jambo. Unaamuka je?

Barua yako sikuiamini. Wewe hata salamu unazitia chumvi. Nikaificha, nikaisoma tena, nikatafuta uongo uko wapi.

Halafu hiyo chumvi ikanikumbusha. Mama alikuwa akiniita: "Pierrette, enda uuze chumvi." Natoka na pesa mkononi, narudi na chumvi. Hakuna siku nilienda na chumvi nikarudi na pesa. Nilikuwa nimesahau kabisa, tonton. Neno la mama yangu mwenyewe.

Mwambie mudogo yangu asiweke musalaba kabla sijafika. Na ile motere nitaiangalia kwa macho yangu, usifikiri umepona.

Tiketi ya basi niliuza. Iko mu mukono yangu.

Mutoto yako,
Pierrette