Vichaka Nilivyong'oa Mlimani

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mpunga umeshaingia ndani wote, au bado mnapiga? Mimi ni mzima, ila baridi ya Norwei hii, hata jua likiwaka masikio yanauma.

Uliniuliza kwenye simu nafanya nini huku milimani kusikoota hata mti. Natafuta kichaka, mama. Chenyewe kifupi, hakinifiki hata nusu ya muundi. Maua yake meupe yameinama kama vikengele, na majani yamejipanga safu nne kuzunguka kijiti, yamebanana kama nywele zilizosukwa. Kipo kingine kinachofanana nacho, lakini hicho huzaa vitunda vyeusi na hukaa juu kwenye upepo. Chetu kinapenda vibonde, ambako theluji hukifunika kisiungue na baridi. Msimamizi wetu wa utafiti, mwanamke mkimya sana, husema, "Kwanza niambie umekikuta wapi, ndipo unionyeshe jani."

Sasa juzi, baada ya ile simu, alinipa kipande cha ardhi ning'oe nyasi, vichaka vibaki tuvipime. Nikainama. Kichwani nina maneno yako tu, kwamba msimu ujao shamba langu alime mjomba, maana nimeshakuwa mtu wa huku. Kuinuka, nyasi zote zimesimama vizuri, vichaka nimevirundika pembeni. Mikono ilikuwa inapalilia mpunga, mama.

Msimamizi akaokota kimoja. "Hiki huenda kinanizidi umri," akasema. Nikamweleza jinsi mpunga mchanga ulivyo kama nyasi, nikamweleza shamba langu la huko nyumbani Namawala, na machozi yakanitoka. Hakunigombeza. Tukavirudishia udongo, ingawa alisema vingi havitashika.

Jioni akaniuliza kama nitabaki mwaka mwingine, kama tulivyokuwa tumezungumza. Nikamwambia hapana. Theluji ikianza kuanguka nafunga mizigo. Nimewakumbuka mno, mama, hata tope la jaruba nimelikumbuka.

Nisalimie bibi, mwambie blanketi lake ninalo. Wifi naye asichoke kukukanda goti. Na mjomba mpe shikamoo yangu kwa heshima zote, halafu umwambie shamba lile lina mwenyewe. Dungu asilibomoe kwa kuni. Mpunga ukichanua, nitapanda juu kufukuza ndege mimi.

Mwanao, mwenye shamba,
Veronika