Sauti Niliyoibana

Dada yangu mpendwa,

Hapa hatujambo, wifi yako anakusalimu.

Jumapili tulipojaribu ile sauti ya kidijitali kwenye redio zetu za mawasiliano, nilikuwa nimeibana ipite kwenye nafasi nyembamba ya masafa, nusu ya tuliyozoea. Ulipoongea nilikuwa nimekodolea macho mita inayopima mawimbi, nikashangilia: "Safi kabisa, dada! Kila neno limefika!"

Leo nimerudia rekodi ili nihesabu sauti ilipokatika. Ndipo nikasikia ulichosema: "Shemeji yako ameondoka na nguo zake zote."

Baada ya kelele zangu ulisema tu, "Haya, asante." Nami nikaandika daftarini kwamba jaribio limefaulu.

Sina uso wa kukuita redioni. Jumamosi nakuja kwa basi la kwanza. Usipike chochote, nifungulie tu mlango.

Kaka yako mwenye masikio ya bure.